Kona ya Hesabu: Mchezo wa haki ndani ya integrali

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, Dodoma. Muhula huu nina kozi mbili. Asubuhi nasoma integrali singula na kigeuzi cha Hilbert, jioni nasoma nadharia ya uwezekano, hasa martingali. Juzi mwalimu wa jioni alisema kwa kupita tu kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja, akafuta ubao, akaondoka. Kitu kimoja kivipi? Au yanafanana tu kwa mbali?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli, ila ubao aliufuta mapema.

Tuanze na somo la asubuhi. Kigeuzi cha Hilbert kinapokea funksheni f na kutoa nyingine. Ukitaka thamani mpya kwenye nukta x, unapita kila nukta y, unazidisha f(y) kwa 1/(x − y), unajumlisha yote kwa integrali, kisha unagawa kwa π. Taabu inaonekana hata kabla hujaanza: y ikisogea karibu na x, ile 1/(x − y) inalipuka, ndiyo maana inaitwa integrali singula. Kinachookoa ni kwamba kushoto mwa x inalipukia upande wa chanya na kulia upande wa hasi. Ukikaribia kutoka pande zote mbili kwa umbali sawa, milipuko inafutana.

Usiniamini kwa maneno. Chukua f iliyo 1 kuanzia 0 hadi 1, na sifuri kwingineko kote. Jibu lake ni logi asilia ya |x/(x − 1)|, gawa kwa π. Pale katikati, x = 0.5, unapata sifuri kamili. Kwenye x = 2 unapata kama 0.22. Rudi hadi 1.01, inakuwa 1.47. Sogea hadi 1.0001, 2.93. Inapanda polepole lakini haina dari. Na ukienda mbali sana kulia, mkia unapungua kama 1/(πx) tu, na mkia wa namna hiyo ukijumlisha eneo lake haliishi. Kwa hiyo umeingiza funksheni isiyozidi 1, ukatoa isiyo na dari. Umeingiza eneo la 1, ukatoa eneo lisilo na mwisho. Ncha zote mbili zimeharibika.

Katikati ya ncha hizo pako salama, na hilo ndilo la kushangaza. Marcel Riesz, katika makala iliyochapishwa 1928, alionyesha hivi: pima ukubwa wa funksheni kwa kipeo cha p cha thamani zake, jumlisha, kisha toa kipeuo cha p. Kwa kila p iliyo kubwa kuliko 1 na isiyofika kwenye isiyo na mwisho, ukubwa wa kinachotoka hauzidi namba fulani mara ukubwa wa kilichoingia. Namba bora kabisa ilipatikana na Pichorides, 1972. Kwa p = 2 ni 1. Kwa p = 3 ni 1.73, yaani kipeuo cha pili cha 3. Kwa p = 4 ni 2.41. Ziandike pembeni, tutazihitaji.

Sasa somo la jioni. Geuza risiti ya LUKU, nyuma yake andika namba nne: 9, 5, 4, 2. Wastani wake ni 5. Nusu ya kushoto ina wastani 7, ya kulia 3. Rusha sarafu mara mbili: ya kwanza ichague nusu, ya pili ichague namba ndani ya nusu hiyo. Fedha yako inatoka 5 kwenda 7 au 3. Ukiwa 7 unakwenda 9 au 5. Ukiwa 3 unakwenda 4 au 2. Kila hatua, kupanda na kushuka ni sawa kwa sawa. Hiyo ndiyo martingali: hata ukijua yote yaliyopita, wastani wa hatua inayofuata ni kile ulicho nacho sasa.

Mwaka 1966 Donald Burkholder, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Illinois, alitoa makala kuhusu kuchezea dau. Kabla sarafu haijarushwa, unaamua uende na mchezo au uende kinyume chake, ukitumia tu unachokijua mpaka hapo. Hebu tugeuze hatua ya kwanza peke yake, ya pili tuiache. Palipokuwa 7 panakuwa 3, palipokuwa 3 panakuwa 7. Hatua ya pili kushoto ni kupanda au kushuka 2, kulia ni 1. Unapata 5, 1, 8, 6.

Jumlisha miraba. Namba za mwanzo: 81 + 25 + 16 + 4 = 126. Namba mpya: 25 + 1 + 64 + 36 = 126. Haikubadilika hata kidogo, na haitabadilika kamwe, hata uanze na namba milioni moja. Kwa p = 2 kubadilisha alama hakuna gharama. Jaribu sasa kipeo cha nne. Mwanzo ni 6561 + 625 + 256 + 16 = 7458. Baadaye ni 625 + 1 + 4096 + 1296 = 6018. Hapa imebadilika. Na kwa kuwa kugeuza alama mara mbili kunakurudisha ulikotoka, mtu aliyeanza na 5, 1, 8, 6 angeona ukubwa wake unapanda. Swali ni kwamba unaweza kupanda hadi wapi. Burkholder alijibu 1984: kama p ni 2 au zaidi, mpaka ni p − 1 mara ukubwa wa mwanzo, kama iko kati ya 1 na 2, ni 1/(p − 1). Idadi ya hatua haijalishi, wala jinsi ulivyochagua alama. Kwa p = 2 ni 1, kwa p = 3 ni 2, kwa p = 4 ni 3. Kwenye ncha, p ikiwa 1 au isiyo na mwisho, mpaka hakuna.

Ukilinganisha na orodha uliyoandika pembeni utaona ncha zinaharibika palepale, katikati ni salama palepale, na p = 2 ni bure pande zote mbili. Mpaka hapa unaweza kusema ni kufanana tu. Mimi mwenyewe ningesema hivyo kama habari ingeishia hapa.

Haiishii hapa. Chora duara lenye nusu kipenyo cha 1, weka chembe kwenye kitovu, iachie itembee ovyo kwa mwendo wa Brown mpaka iguse ukingo. Kwa kuwa duara halina upendeleo, mahali itakapogusia pana uwezekano sawa kote. Weka ndani ya duara funksheni ya hamoniki u, yaani ile ambayo thamani yake kwenye kila nukta ni wastani wa thamani za kuizunguka, na ambayo ukingoni inalingana na f. Ukiwa umesimama juu ya ile chembe ukisoma u kila inapopita, unachosoma ni martingali. Sasa chukua mwenzi wake v, yule wa kwenye milinganyo ya Cauchy na Riemann uliyofundishwa mwaka wa pili. Milinganyo ile inasema jambo moja: mshale wa mteremko wa v ni mshale wa mteremko wa u uliogeuzwa nyuzi 90. Urefu ni ule ule. Kwa hiyo kila sekunde, mtikisiko wa v una nguvu ile ile ya mtikisiko wa u, ila umeelekea kwingine. Burkholder alikuwa akizidisha kwa +1 au −1. Hapa tunazungusha robo duara. Chembe ikifika ukingoni, u inasoma f, na v inasoma kigeuzi cha Hilbert cha f, kile cha kwenye duara. Jaribu na u = x: ukingoni ni kosaini ya pembe, na mwenzi wake v = y ni saini.

Kwa hiyo matokeo ya Riesz yanatoka kwenye sarafu bila kugusa 1/(x − y) hata mara moja. Burkholder, Gundy na Silverstein walitumia njia hii 1971 kwa maswali magumu kuliko hili, kuhusu nafasi za Hardy. Na ile tofauti ya 3 na 2.41 kwa p = 4? Inaelezeka pia. Mzunguko wa nyuzi 90 daima uko wima kwa mwendo wa mwanzo, na sharti hilo la ziada linabana mpaka. Bañuelos na Wang walionyesha 1995 kwamba martingali mbili zenye sharti hilo zinatoa namba ya Pichorides yenyewe, barabara.

Ukitaka ushahidi wa kumaliza ubishi na mwalimu wa asubuhi, mwambie hivi. Badala ya funksheni kutoa namba, itoe vekta za nafasi ya Banach, yaani nafasi ambamo kila vekta ina urefu unaopimika. Ndani ya baadhi ya nafasi hizo kubadilisha alama za martingali kuna mpaka, ndani ya nyingine hakuna. Vilevile kigeuzi cha Hilbert kiko salama ndani ya baadhi, nyingine hapana. Burkholder alithibitisha kwamba palipo salama kwa martingali ni salama kwa Hilbert, na Bourgain, 1983, akathibitisha kinyume chake. Orodha ya nafasi ni moja, haizidi wala haipungui. Kufanana kwa mbali hakutoi matokeo ya aina hiyo.

SWALI: Mwalimu, salaam kutoka Mombasa. Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Toleo lililopita uliandika sentensi moja kwamba kigeuzi cha Hilbert ni wastani wa mikato ya nusu kwa nusu. Mikato ina kona na mipaka, kigeuzi hakina. Huo ulaini unatoka wapi?

JIBU: Ndugu mhandisi, kwanza nikuambie huko hauko ugenini. Alberto Calderón, ambaye jina lake liko kwenye kila kitabu cha integrali hizi, alisomea uhandisi Buenos Aires na kufanya kazi kwenye maabara ya shirika la mafuta la taifa la Argentina. Antoni Zygmund alipotembelea Buenos Aires 1948 ndipo wakakutana, na Calderón akamfuata Chicago. Makala yao ya 1952 ndiyo msingi wa fani. Na ndani yake tayari kuna martingali bila kutajwa jina: unakata mchemraba nusu kwa nusu, kila kipande unapima wastani, na mara ya kwanza wastani ukipita kiwango ulichoweka, unasimama hapo. Watu wa uwezekano wanaita huo wakati wa kusimama. Kitabu kikubwa cha Doob kuhusu mambo hayo kilitoka mwaka uliofuata, 1953.

Sasa swali lako, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Una haki ya kushuku gridi moja. Ukikata mstari kwenye 0, kisha kila upande nusu kwa nusu, nukta −0.01 na 0.01 hazitakaa kipande kimoja milele, ingawa ziko jirani. Kigeuzi cha Hilbert hakijui ukuta huo. Kwake 0 ni nukta kama nukta nyingine.

Stefanie Petermichl, mwaka 2000, alifanya hivi. Chukua kipande na mtikisiko wake, tuseme 2, 2, −2, −2: nusu ya kushoto juu, ya kulia chini. Uchukue mtikisiko huo, uushushe kwa watoto wake wawili, yaani zile nusu mbili, mmoja kwa alama ya chanya, mwingine hasi: 2, −2, −2, 2. Nguvu haikupotea, miraba inatoa 16 kabla na 16 baada. Lakini angalia vizuri namba zenyewe. Ni wimbi lile lile la kona, limesogezwa robo ya mzunguko. Na kusogeza robo mzunguko ndiko hasa kigeuzi cha Hilbert kinakofanya kosaini kuwa saini. Kubadilisha alama tu kusingetosha: kunaacha kila mtikisiko kwenye kipande chake. Lazima mtikisiko ushuke kwa watoto.

Bado ukuta upo. Basi usitumie gridi moja. Sogeza gridi nzima kwa kiasi chochote kile, itanue kwa kiwango chochote kati ya 1 na 2, fanya kazi ile ile kwenye kila gridi, kisha chukua wastani wa majibu yote. Matokeo hayo hayawezi kupendelea nukta yoyote, maana gridi zote zimehesabiwa. Hayapendelei kipimo chochote pia. Na ukigeuza mstari kama unautazama kwenye kioo, alama inageuka: jaribu na wimbi la hapo juu utaona. Ukipima ukubwa kwa p = 2, operata (mashine inayopokea funksheni na kutoa nyingine) yenye mpaka na yenye sifa hizo tatu ni moja tu, kigeuzi cha Hilbert mara namba fulani. Kilichobaki ni kuhakikisha namba hiyo si sifuri, na Petermichl alihakikisha.

Kwa hiyo ulaini hautoki ndani ya gridi yoyote. Unatoka kwenye kuchukua wastani wa zote, kwa kuwa kila ukuta uko kwenye gridi chache tu na zilizobaki zinaufuta.

Hili si pambo. Ukiwa na operata iliyojengwa kwa vipande vya nusu kwa nusu, unaweza kuipima kipande kwa kipande, na chochote utakachothibitisha kwa gridi zote kwa mpaka mmoja kinabaki kweli kwa wastani wake. Kwa njia hiyo Petermichl alipata 2007 mpaka bora wa kigeuzi cha Hilbert pale ambapo mstari umepewa uzito usio sawa, sehemu nyingine nzito, nyingine nyepesi. Tuomas Hytönen, katika makala ya 2012, akafanya hivyo kwa operata zote za Calderón na Zygmund, kwenye idadi yoyote ya vipimo. Kwa hizo kizazi kimoja hakitoshi: mtikisiko unashushwa kwa wajukuu, vitukuu na kuendelea, lakini mchango wa kila kizazi unapungua haraka kiasi kwamba jumla inabaki na kikomo.

SWALI: Mwalimu mambo vipi. Niko Mwanza. Jamaa wa kijiweni wanasema martingali ni njia ya kubeti: ukiliwa unadabo dau mpaka upate. Inafanya kazi?

JIBU: Haifanyi. Anza na shilingi 1,000. Ukiliwa mara kumi mfululizo umeshapoteza 1,023,000, na dau linalofuata ni 1,024,000, yote hayo ili ubaki na faida ya 1,000. Kwenye mchezo wa haki, dau lolote unalopanga kwa kutazama yaliyopita, mradi mfuko una kikomo, linaacha wastani pale pale. Na mkeka wa mjini si mchezo wa haki, mwenye duka amekata chake kabla hujaandika timu. Burkholder alichopima ni mtikisiko wa fedha, si faida.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha sekondari Arusha, hesabu napenda ingawa hizi ni za juu. Katika yote hayo, kuna lililobaki halijajibiwa?

JIBU: Marahaba mwalimu mwenzangu. Lipo, na unaweza kulieleza kwa namba tupu.

Ndugu yake kigeuzi cha Hilbert kwenye bapa ni operata ya Beurling na Ahlfors. Kiini chake, yaani kile kinachokaa mahali pa 1/(x − y), kinalipuka kama moja gawa kwa mraba wa umbali, na kinazunguka kulingana na upande unaotazama. Tadeusz Iwaniec alikisia 1982 kwamba mpaka wake ni p − 1 kwa p ya 2 na zaidi, na 1/(p − 1) kwa zilizo chini yake. Miaka 2 baadaye namba hiyo hiyo ikatoka kwa Burkholder, upande wa sarafu. Tangu hapo watu wengi wanaamini makisio ni kweli, mimi nikiwemo, lakini kuamini si kuthibitisha.

Inajulikana kwamba mpaka hauwezi kuwa chini ya hapo. Kutoka juu ndipo palipo na kazi, na karibu hatua zote zimetoka kwenye martingali. Bañuelos na Wang, 1995, walipata mara 4 ya namba ya makisio. Nazarov na Volberg wakashusha hadi mara 2. Bañuelos na Janakiraman, 2008, mara 1.575. Kwa p = 4 maana yake ni 12, halafu 6, halafu 4.725, na makisio ni 3.

Kinachokwamisha ni safari ya kurudi. Kwenye mwendo wa Brown kila kitu ni shwari, lakini kutoka hapo kwenda kwenye bapa lazima uchukue wastani wa njia zote zinazoishia nukta moja. Wastani huo unaweza kupunguza ukubwa, na mbinu zetu hazijui kupima umepunguza kiasi gani. Tunalipa bei kamili ya njia zote kana kwamba hakuna kilichofutana. Mwenye kutaka kujaribu, ningemshauri aanze na p = 4, kwa sababu vipeo vya nne vinafunguka kwa mkono, na pengo la kutoka 3 hadi ile 4.725 ya 2008 ni kubwa vya kutosha kuonekana.